Kuonja na Kulinganisha Bia za Krafti Nyumbani na Safarini: Mwongozo Kamili

Malalamiko ni yale yale. Mtu wa Kisumu anaagiza chupa nne za bia za krafti, yaani za viwanda vidogo, kutoka Nairobi, anawaita wenzake Jumamosi jioni, wanazifungua na kuzipitisha mezani, na kabla saa moja haijaisha uamuzi umetoka: "Zote ni chungu tu, heri Tusker."

Mara nyingi bia hazina hatia. Walicholinganisha ni chupa iliyolala kwenye friji na chupa iliyoshinda kwenye begi, glasi safi na glasi iliyooshwa kwenye beseni la samaki, funda la kwanza na funda la ishirini. Sawazisha hayo, na tofauti za bia zenyewe zitajitokeza. Kazi yote iliyo hapa chini ni ya kusawazisha.

Mwongozo ni wa waliotimiza miaka 18. Mjamzito, aliye kwenye dozi ya dawa kama metronidazole, na atakayeshika usukani au pikipiki usiku huo wasionje. Alcoblow, kile kipima pumzi cha polisi, haiulizi kama ulikunywa au ulionja.

## Vitu vya kuandaa

Vipimo hivi ni vya watu wanne na bia nne.

- Bia nne, kwa jozi: laga mbili na IPA mbili, au bia za ngano mbili na stauti mbili. Laga ni bia nyepesi kama Tusker; IPA ni eli, yaani bia inayochachushwa kwenye joto kuliko laga, yenye uchungu na manukato mengi; stauti ni bia nyeusi. Kopo la 330 ml linatosha watu wanne. Chupa ya 500 ml inabakiza cha kurudia.
- Glasi nane zinazofanana, zenye mdomo unaobana kidogo kama zipo. Za maji pia zinafaa, mradi ziwe sawa zote.
- Sirinji ya 20 ml isiyo na sindano, kutoka duka la dawa, na selotepu ya karatasi.
- Kipimajoto cha jikoni.
- Beseni, kilo mbili za barafu na chumvi.
- Lita mbili za maji yaliyochemshwa na kupozwa, yasiyotoka kwenye friji. Maji ya mfereji yenye harufu ya klorini yanaharibu pua kabla bia haijafunguliwa.
- Ugali uliopoa, uliokatwa vipande vidogo. Mkate mweupe nao unafaa, lakini ugali haukutiwa sukari wala mafuta, ndiyo maana unasafisha mdomo vizuri zaidi.
- Karatasi na kalamu kwa kila mtu, na kopo la kumwagia mabaki.

Kwa nini jozi? Kwa sababu kuuliza kama IPA ni bora kuliko stauti ni kama kuuliza kama chapati ni bora kuliko githeri. Utapata jibu, lakini jibu hilo linakuhusu wewe, si bia. Laga kwa laga, IPA kwa IPA, ndipo unapoanza kusikia mpishi mmoja wa bia alifanya nini ambacho mwenzake hakufanya.

Kila mtu atamiminiwa 80 ml za kila bia. Kwa nini 80 ml? Bia nne kwa 80 ml ni 320 ml kwa kila mtu. Zikiwa na kileo cha asilimia 5.5 kwa wastani, utakuwa umekunywa 17.6 ml za kileo. Chupa moja ya Tusker laga, 500 ml kwa asilimia 4.2, ina 21 ml. Yaani unamaliza zoezi zima ukiwa bado unasoma maandishi yako mwenyewe.

## Hatua ya 1: Nunua kwa macho

Tazama tarehe kwanza. IPA na eli zenye hopsi nyingi (hopsi ni yale maua yanayotia bia uchungu na harufu) hupoteza manukato upesi. Zilizo chini ya miezi mitatu tangu kutengenezwa ndizo za kununua. Stauti nzito yenye kileo kingi huvumilia zaidi. Kama lebo ina tarehe ya mwisho tu, chagua iliyo mbali zaidi.

Kisha tazama chupa ilikokaa. Jua likipiga bia iliyo kwenye chupa ya kijani au isiyo na rangi, viini vya uchungu wa hopsi huvunjika na kutoa harufu ya kicheche aliyeudhiwa. Dakika chache za jua kali zinatosha. Chupa ya kahawia hukinga sana, kopo hukinga kabisa. Usichukue chupa iliyopangwa dirishani kwa urembo. Omba iliyo ndani ya boksi.

Bia ya dukani iwe na stempu ya ushuru ya KRA, na unaweza kuikagua kwa programu ya simu iitwayo Soma Label. Stempu isiyosomeka kwenye bia ya bei ghali ni sababu tosha ya kuirudisha rafuni.

Dalili ya mafanikio: chupa zote za jozi moja zina umri unaokaribiana na hakuna iliyoshinda juani.

## Hatua ya 2: Pumzisha chupa

Bia nyingi za krafti hazichujwi sana, kwa hiyo hamira hutulia chini kama mashapo. Ikisafiri kwenye buti la basi usiku kucha, yote huchanganyika. Isimamishe wima, mahali pa giza na baridi, saa 24. Ukiiruka hatua hii utapata bia yenye matope na ukali wa hamira, na povu litakalofika kwenye kitambaa cha meza.

## Hatua ya 3: Osha glasi kama zinakwenda maabara

Hapa ndipo wengi huangukia, na ndipo pasipogharimu chochote.

Mafuta huua povu. Samaki wa kukaanga mchana, beseni lile lile jioni, sponji ile ile: glasi itaonekana inang'aa, lakini ina utando mwembamba wa mafuta usiouona. Povu linakatika kwa sekunde chache, na harufu ya bia inapotea nalo, kwa maana povu ndilo linaloshikilia harufu juu ya glasi.

Tumia sponji mpya iliyotengwa kwa kazi hii, na sabuni ya maji isiyo na manukato makali. Suuza mara tatu kwa maji yanayotiririka. Usikaushe kwa kitambaa cha jikoni. Pindua glasi juu ya waya au rafu yenye nafasi ili hewa ipite chini. Glasi iliyofunikwa moja kwa moja juu ya ubao wa kabati hufungia ndani harufu ya kabati, na kama jirani yake ni mfuko wa omena, basi umeshaelewa.

Jaribu hivi: lowesha ndani ya glasi, mwaga maji, kisha nyunyiza chumvi kidogo kuta zote. Kwenye glasi safi chumvi hushika kila mahali sawasawa. Pale penye mafuta patabaki mabaka yasiyo na chumvi. Osha tena.

Ukishamaliza, nusa glasi tupu. Kama ina harufu yoyote, haijawa tayari.

Sasa weka alama. Vuta maji kwa sirinji mara nne, 20 ml kila mara, mimina kwenye glasi, bandika selotepu usawa wa maji. Rudia kwenye glasi zote nane. Kazi ya dakika tano, nayo inaondoa ugomvi wote wa "ya kwako ni nyingi".

## Hatua ya 4: Halijoto

Mhudumu wa baa atakuuliza: baridi ama moto? Kwa kuonja, jibu ni kwamba zote mbili hazifai.

Bia iliyo karibu na sifuri hutia ulimi ganzi. Harufu hairuki, utamu wa kimea (nafaka iliyooteshwa kisha kukaushwa) haujitokezi, na kinachobaki ni gesi na uchungu. Hiyo ndiyo siri ya "zote ni chungu tu": zilionjwa zikiwa baridi mno. Upande wa pili, bia ya nyuzi 28, yaani ya juu ya meza Kisumu mchana, hupoteza gesi, hunuka kileo na kuacha utamu mzito mdomoni.

Lenga hivi:

- Laga na bia za ngano: nyuzi 5 hadi 7.
- Eli na IPA: nyuzi 8 hadi 10.
- Stauti: nyuzi 10 hadi 13.

La muhimu kuliko namba zenyewe ni kwamba bia mbili za jozi moja zisitofautiane zaidi ya nyuzi moja. Ziweke rafu moja ya friji, kwa muda mmoja, usiku uliotangulia. Chupa ya 500 ml inayotoka friji la nyuzi 4 hufika nyuzi 9 kwa takriban robo saa katika joto la Kisumu. Jioni ya Nakuru, yenye nyuzi 20 hivi, hesabu nusu saa. Kipimajoto kiingize kwenye glasi ya mwenyeji, si kwenye glasi za wageni.

Stima ikipotea, beseni linaokoa. Jaza barafu nusu, ongeza maji hadi shingo za chupa, tupia viganja viwili vya chumvi, na uzungushe chupa mara kwa mara. Barafu peke yake hugusa chupa sehemu chache tu. Maji ndiyo yanayoizunguka yote na kubeba joto. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Usiifiche kwenye friza ukaisahau: bia ya kawaida huganda nyuzi mbili au tatu chini ya sifuri, na chupa hupasuka.

Na lile jambo la mtaani kwamba bia iliyopoa, ikapata joto, ikapoa tena imeharibika: hapana. Kinachoiharibu ni kukaa kwenye joto kwa majuma na miezi, na mwanga. Kupotea kwa stima jioni moja hakuihukumu.

## Hatua ya 5: Ficha majina

Chagua mtu mmoja awe mwenyeji. Yeye ndiye anayejua, kwa hiyo hapigi kura. Avishe kila chupa soksi safi au mfuko wa karatasi, na kila bia aipe namba ya tarakimu tatu isiyo na maana, mfano 417 na 862. Usitumie 1 na 2, wala A na B. Kichwa cha mtu humpendelea wa kwanza bila yeye kujua. Lebo nzuri nayo inadanganya, na bei inadanganya kuliko lebo.

Anzeni na jozi nyepesi. Laga hutangulia IPA, bia ya ngano hutangulia stauti, kileo kidogo hutangulia kingi. Zenye uchachu mkali au moshi huja mwisho kabisa, kwa sababu baada yake mdomo hausikii kitu kingine.

Saa moja kabla, asiwepo wa pilipili, kachumbari, sigara wala dawa ya meno. Kahawa pia ngojeni.

## Hatua ya 6: Mimina

Inamisha glasi, mimina taratibu ubavuni, kisha isimamishe ukimalizia ili upate povu la unene wa kidole. Kioevu kifike kwenye selotepu; povu lisihesabiwe. Sentimita mbili za mwisho zenye mashapo ziache chupani, isipokuwa bia ya ngano ya mtindo wa Ujerumani, ambayo hutikiswa kidogo kwa makusudi ili hamira iingie glasini.

Tazama kuta. Vipovu vikiganda ubavuni mahali pamoja kama umande, hapo pana uchafu. Badilisha glasi, usiilaumu bia.

Glasi mbili za jozi zije mezani pamoja. Kulinganisha kitu kilicho mbele yako na kitu unachokikumbuka hakuaminiki, hata kama kumbukumbu ni ya dakika kumi.

## Hatua ya 7: Onja

Anza na pua. Funika glasi kwa kiganja, izungushe mara tatu, fungua, nusa mara mbili kwa ufupi. Usivute pumzi ndefu. Pua huzoea harufu haraka na kuacha kuisikia. Nenda glasi ya pili, kisha rudi ya kwanza. Pua ikichoka, nusa mkono wako mwenyewe wa shati.

80 ml ni mafunda manne. Funda la kwanza halihukumiwi, linaosha mdomo tu. La pili lishike sekunde tatu au nne, liguse ulimi wote na mashavu. La tatu limeze, toa pumzi kwa pua, kisha hesabu hadi kumi polepole: kilichobaki ni nini? Uchungu wa bia huja kwa kuchelewa, kwa hiyo anayehukumu papo hapo anahukumu gesi. La nne lihifadhi hadi glasi zipate joto kidogo. Bia inayozidi kupendeza ikipata joto ni bia iliyopikwa vizuri.

Kati ya glasi na glasi: funda la maji, kipande cha ugali.

### Tenganisha "chungu"

Mezani watu husema "chungu" au "kali" kwa mambo manne tofauti, na hapo ndipo maelezo yote hupotea. Lugha yetu ina maneno ya kuyatenganisha. Siku moja kabla ya zoezi, jiandalie vikombe vitatu uonje kimoja kimoja:

Uchungu. Chemsha kiganja cha managu (mboga ya mnavu) katika 250 ml za maji kwa dakika kumi, bila maziwa wala chumvi. Onja ule mchuzi. Hicho ndicho hopsi hufanya: kinakaa ulimini na hakikaushi mdomo.

Uchachu. Kijiko kimoja cha chai cha maji ya limau katika 200 ml za maji. Mate yanatiririka pembeni mwa ulimi. Aliyekunywa busaa, ile pombe ya kienyeji ya nafaka, anaujua, maana uchachu wa busaa unatokana na asidi ile ile ya maziwa lala, na bia chachu za krafti hutumia bakteria wa ukoo huo huo.

Ukakasi. Vijiko viwili vya majani ya chai katika 200 ml za maji ya moto, uyaache robo saa. Ukiweza kupuuza uchungu wake, sikiliza fizi na mashavu yanavyokauka na kukunjamana kama umeng'ata ndizi mbichi. Katika bia, ukakasi mwingi mara nyingi ni kosa la kuosha maganda ya nafaka kwa maji ya moto kupita kiasi.

Cha nne hakihitaji kikombe: moto wa kileo, ule unaoshuka kifuani. Katika stauti ya asilimia 8 ni sawa. Katika laga ya asilimia 5 si sawa.

Mtu aliyepita vikombe hivi hawezi tena kusema "chungu tu". Atasema, "417 ina uchungu mfupi na haina ukakasi, 862 uchungu wake unakaa, halafu mashavu yanakauka." Hayo ni maelezo ambayo hata muuzaji anaweza kuyafanyia kazi.

Kuhusu namba ya IBU kwenye lebo: inapima viini vya uchungu, si uchungu unaousikia. Laga nyingi ziko kati ya 10 na 20, IPA mara nyingi 40 hadi 70. Lakini stauti yenye IBU 50 na kimea kingi kitamu inaweza kuonekana laini kuliko eli kavu yenye 35. Usinunue namba.

### Harufu na zinakotoka

Pitia Soko la Kibuye hapo Kisumu, au soko lolote lililo karibu nawe, ununue vitu vya mfano: karafuu, ndizi iliyoiva sana, chungwa, kahawa, sukari guru, siki. Nyumbani ongeza Blue Band iliyoyeyushwa na maji ya mahindi ya kuchemsha. Viweke kwenye vikombe vilivyofunikwa, uvinuse kabla ya kuanza.

Ndizi na karafuu ndani ya bia ya ngano ya Kijerumani hazikutiwa na mtu. Hamira ndiyo iliyozizaa, na ni sifa. Harufu hizo hizo ndani ya laga ni kosa, kwa kawaida la kuchachusha kwenye joto au hamira ngeni kuingia. Chungwa, embe na pera kwenye IPA ni hopsi. Kahawa na chokoleti kwenye stauti ni nafaka iliyokaangwa, jambo lisilo geni kwa yeyote aliyewahi kusimama karibu na unga wa busaa ukikaangwa kwenye bati.

Blue Band au siagi ni dalili kwamba bia haikupewa muda wa kutosha na hamira, au kwamba bomba la baa ni chafu. Mahindi ya kuchemsha hutokana na kimea kisichochemshwa ipasavyo. Kidogo kwenye laga huvumilika. Tufaha bichi ni bia changa. Siki ni bakteria. Karatasi au boksi lililoloa ni uzee na joto: hewa imeshaila bia, na hakuna friji litakaloirudisha.

## Hatua ya 8: Andika kwanza, ongea baadaye

Dakika tano za kimya. Mtu mwenye sauti kubwa akisema "hii ina embe", wote watasikia embe, hata mwenyeji.

Usitoe alama za moja hadi kumi. Kwa anayeanza, saba ya leo na saba ya mwezi ujao hazijuani. Taja tu ipi kati ya mbili ungerudia, kisha andika sentensi moja ya kwa nini. Linganisha karatasi hizi mbili:

"862: nzuri, kali kiasi, 7."

"862, nyuzi 9: ganda la chungwa puani, kimea kama mkate uliookwa, uchungu wa managu unaokaa zaidi ya hesabu ya kumi, ukakasi kidogo. Ningerudia 417, haikaushi mdomo."

Ya kwanza haitakusaidia hata kesho asubuhi. Ya pili inakuambia ununue nini.

Mwenyeji afichue majina baada ya kila mtu kusoma yake. Kimya kinachofuata ndicho kipimo cha zoezi: kama hakuna aliyeshangaa hata kidogo, labda soksi zilikuwa zinaonyesha.

## Hatua ya 9: Jaribio la glasi tatu

Hili ni la siku nyingine, na linahitaji chupa moja mpya ya kila bia. Ni kwa wale wanaobishana: "Hizi mbili ni kitu kimoja."

Mpe kila mtu vikombe vitatu vya chai vya udongo vinavyofanana, ili rangi isionekane, 40 ml kila kimoja. Viwili vina bia moja, kimoja nyingine. Nusu ya watu wapewe mbili za 417 na moja ya 862. Nusu nyingine kinyume. Swali ni moja: kipi ni tofauti? Kila mtu lazima ajibu, hata kwa kubahatisha.

Anayebahatisha ana nafasi moja kati ya tatu. Kwa hiyo mkiwa watano, wanne wakipatia, tofauti ipo. Mkiwa sita, wanahitajika watano. Wanne kati ya sita bado inaweza kuwa bahati. Mkiwa wanne, lazima wapatie wote.

Uko peke yako? Bandika alama chini ya vikombe, vichanganye ukiwa umefumba macho, rudia mara sita kwa siku tofauti. Hesabu ni ile ile.

## Safarini

Shida ya safari ni kwamba huwezi kusafiri na friji, glasi na ugali wako. Kwa hiyo beba kipimo: bia moja inayopatikana kila mji, unayoijua kama njia ya kwenu. Tusker laga inafaa, si kwa sababu ni bora bali kwa sababu haibadiliki. Agiza kwanza glasi yake ndogo, au mgawane chupa. Ikionja vile unavyoijua, pua yako iko sawa na unaweza kuhukumu bia ngeni. Ikionja ajabu, tatizo ni mafua, chakula, au glasi za mahali hapo. Kunywa kwa starehe na usiandike kitu. Ukivuka Busia au Malaba kuelekea Jinja, badilisha kipimo: Nile Special inapatikana kila kona, ila kumbuka ina asilimia 5.6, kwa hiyo punguza kiasi.

Kwenye viwanda vidogo vyenye baa, omba glasi ndogo za kuonja badala ya kubwa. Omba zije mbili mbili. Zikija zote sita pamoja, ya sita itakuwa imepata joto na kukosa gesi ukiifikia, nawe utasema ni mbaya. Bia ya bomba ikinuka siagi au siki, na ile ile ya kopo hainuki, kosa ni la bomba. Sema kwa upole. Baa nzuri itabadilisha.

Mwinuko nao una neno. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru karibu 1,850. Umeona mfuko wa krisps ulionunuliwa Kisumu unavyovimba ukifika Mau Summit. Ndani ya chupa gesi ni ile ile, lakini hewa ya nje inayoikandamiza imepungua, hivyo bia ikifunguliwa hutoa povu zaidi. Nakuru na Eldoret mimina polepole zaidi na uipoze nyuzi moja au mbili zaidi kabla ya kufungua. Usiandike "gesi nyingi" kuhusu bia uliyoinywa mlimani mpaka uionje tena chini.

Kusafirisha: kila chupa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha ndani ya nguo, katikati ya begi, wima. Basi la usiku ni bora kuliko la mchana, na buti lililo mbali na injini ni bora zaidi. Kwa ndege, weka kwenye begi la kukabidhi. Kileo kisichozidi asilimia 24 hakihesabiwi kuwa mzigo wa hatari, lakini uzito unahesabiwa, na chupa sita za 500 ml zina kilo tatu za bia peke yake, kabla ya uzito wa chupa zenyewe. Makopo ni mepesi na hayapasuki kirahisi.

## Bado inakataa? Angalia hapa

Zote bado ni chungu. Pima halijoto upya. Kama ziko nyuzi 9 na bado, umeanza na IPA. Anza na jozi ya bia za ngano.

Povu linakatika bia zote. Glasi. Likikatika kwa mtu mmoja tu, ni mafuta ya midomo au vidole vya chipsi.

Bia moja ina povu lisiloisha na uchachu usiotajwa kwenye lebo. Imeendelea kuchachuka chupani kwa bakteria. Mwaga, na chupa nyingine za kundi hilo zifungulie juu ya sinki, zimefunikwa kwa taulo. Chupa iliyojaa gesi kupita kiasi inaweza kupasuka mkononi.

Harufu zote zinafanana. Aliyepaka manukato akae mbali, au zoezi lihamie barazani. Pia angalia kama jikoni kuna kitunguu kinakaangwa.

Imebaki nusu chupa. Kifuniko hakirudishi gesi, na kesho itakuwa imelala. Stauti iliyobaki, kikombe kimoja kwa kilo ya nyama ya ng'ombe, iingie sufuriani baada ya vitunguu na ichemke bila kifuniko dakika kumi kabla ya kuongeza maji. IPA usijaribu kuipikia: uchungu wake hukolea kadiri mchuzi unavyopungua.